Wakili wa Nani

Tangu utotoni hakuwa mtu wa kuambiwa jambo akalimeza. Ukimwambia akalale, atakuuliza mbona dada yake bado yuko macho. Ukimwambia uji umekwisha, atainamia sufuria ahakikishe kwa macho yake mwenyewe. Baba yao, Mungu amrehemu, ndiye aliyembandika jina la Hoja, maana kila alipoanza kumkaripia alijikuta yeye ndiye anayejibu maswali. Jina likamganda mpaka chuoni, na alipochagua kusoma sheria hakuna mtu nyumbani aliyeshangaa. Mama yake, fundi cherehani ambaye barazani kwake hapakosi mteja, aliwaambia watu huku sindano ikiwa katikati ya midomo: "Huyu alizaliwa wakili. Tunachongoja ni joho tu."

Lakini joho halivaliwi kwa kumaliza chuo. Mwenye shahada ya sheria haruhusiwi kusimama mbele ya hakimu na kumsemea mtu mpaka kwanza akae mafunzoni chini ya wakili mzoefu, asainiwe kwamba ameiva, ndipo aapishwe. Zamani mafunzo hayo yalikuwa kwenye ofisi za mawakili wa kujitegemea peke yake, wale ambao mlango wao uko wazi kwa yeyote mwenye kesi. Siku hizi kampuni kubwa zenye idara zake za sheria nazo zinapokea wanafunzi. Wenzake Hoja walikuwa wanazunguka na bahasha za vyeti mpaka soli zinatoboka, hawapati hata pa kupiga hodi. Yeye alipata pawili. Akadhani ni bahati.

Pa kwanza palikuwa kwa mzee mmoja ambaye mahakamani walimwita Radi. Akinguruma chumba namba moja, walioko chumba namba tatu walikuwa wanapoteza mstari walioufikia. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la magodoro, ngazi nyembamba, na mafaili yamepangwa ukutani mpaka yameziba nusu ya dirisha. Alimpokea Hoja akiwa amesimama, tai begani, anatafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

"Unajua kupiga chapa?"

"Najua."

"Unajua kupanga foleni masjala ya mahakama tangu asubuhi, na ukifika dirishani uambiwe faili halionekani, halafu usilie?"

"Nitajifunza."

"Unajua kukaa kimya?"

"Hapana," Hoja akajibu.

Radi akacheka mpaka akakohoa. "Mkweli huyo. Sikiliza, mwanangu. Kwangu hakuna kiyoyozi na posho yangu haitoshi kitu. Nitakufokea mbele ya watu. Lakini kabla mafunzo yako hayajaisha utakuwa umeketi na watu wenye shida zao za kweli, waliofukuzwa nyumba, waliotelekezewa watoto, na utajua namna ya kuwasikiliza. Hayo mengine yote yamo vitabuni."

Hoja alishuka zile ngazi anatabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

Pa pili palikuwa kampuni ya vyombo vya plastiki: mabeseni, ndoo, viti, madumu. Kiwanda kikubwa chenye jengo la ofisi mbele, vioo vitupu, na ndani ubaridi kama umeingia kwenye friji. Huko alipigiwa debe na shemeji yake, mume wa dada yake. Shemeji alikuwa msimamizi wa zamu katika kitengo cha kusaga mabaki, pale ambapo mabeseni yaliyotoka yamepinda yanasagwa upya yawe punje. Mtu wa utani, sauti kubwa kwa sababu ya kuzoea kushindana na mashine, asiyeweza kumaliza sahani ya chakula bila kumgawia mtu. Baba yao alipofariki, ni yeye aliyesimama. Karo ya mwisho ya chuo ya Hoja aliilipa yeye, wala hakuulizia hata siku moja ilitumikaje.

"Nimewanyenyekea watu kwa ajili yako, shemeji," alimwambia, wameketi sebuleni kwake. "Mimi huyu unayeniona, nimevaa shati la kuchomekea nikaenda mpaka kwa mkuu wa utumishi. Nimemwambia, nina mtoto nyumbani, mdomo wake mkali kuliko msumeno, mchukueni kabla hajachukuliwa na maadui zenu."

Wote wakacheka. Hoja akasema, taratibu, kwamba kuna nafasi nyingine pia.

Dada yake akaweka kikombe chini. "Nafasi ipi? Ya yule mzee wa juu ya magodoro?"

"Ni wakili mkubwa, dada."

"Mkubwa, na viatu vyake vimekanyagwa visigino. Nimemwona mimi. Hoja, mume wangu ameshasema kwa wakubwa zake. Ukikataa, kesho atawatazamaje?"

"Mwache aamue mwenyewe," shemeji akasema, lakini hakucheka tena.

Nyumbani mama naye hakumsaidia. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Mimi sheria siijui. Ninachojua ni kwamba mchagua nazi hupata koroma. Na shemeji yako hajawahi kututupa."

Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na dada aliyeolewa. Walakini Hoja, alipokuja kujihoji miaka ya baadaye, hakuweza kuwabebesha familia mzigo wote. Ukweli ni kwamba aliupenda ule ubaridi. Aliipenda kadi ya kuning'iniza shingoni, na gari la wafanyakazi, na ile meza yake nyeupe isiyo na mkwaruzo. Alijiambia sheria ni sheria, iwe juu ya magodoro, iwe nyuma ya vioo. Alikwenda kumwambia Radi, akamkuta anashuka ngazi mbio, joho mkononi.

"Nimepata kwingine, mzee. Kampuni."

Radi hakusimama. "Sawa. Kila mtu na riziki yake. Una mwenzako yeyote anayetafuta?"

Hoja akamtaja rafiki yake wa chuo, msichana waliyemwita Kimya, kwa kuwa darasani alikuwa hafungui mdomo mpaka mwalimu amtaje. Kesho yake Kimya akapanda zile ngazi na kuanza kazi.

Mkuu wa idara ya sheria pale kampuni alikuwa mama mmoja wa makamo, nadhifu, miwani yake ina mnyororo. Wafanyakazi walimwita Mama Kipengele, kwa sababu hata ukimsalimu atakuonyesha kipengele kinachohusika. Si kwamba alikuwa mbaya. Tena alikuwa mwalimu hodari, na ndiyo maana Hoja alishindwa kumchukia hata pale ambapo kumchukia kungempumzisha. Alimfundisha kusoma mkataba kuanzia nyuma, kwa sababu watu huficha mabaya ukurasa wa mwisho ambako msomaji ameshachoka. Alimfundisha kuandika barua fupi yenye meno. Asubuhi walipitia mikataba ya kununua punje za plastiki, mchana mikataba ya maghala, na saa ya chakula walikaa meza moja, Mama Kipengele anamwuliza habari za mama yake na ushonaji wake.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkereketa Hoja. Mahakamani walikuwa hawaendi. Kesi ikizuka, kampuni inakodi wakili wa nje, wao wanafungasha karatasi na kumpelekea. Akipiga simu kwa Kimya anamkuta hoi bin taabani: leo amefukuzwa na karani wa masjala, juzi, alipotumwa na mzee aombe tu tarehe nyingine ya kesi, hakimu amemwambia aongeze sauti au akae chini, jana ameshinda na bibi mmoja anayelia hajui aanzie wapi kueleza shida yake.

"Pole, shoga yangu," Hoja alimwambia.

"Asante. Miguu imevimba," akasema Kimya. Halafu, baada ya kusita: "Lakini leo yule bibi alinishika mkono akaniita wakili wangu."

Hoja alirudi kwenye mkataba wake wa ghala, akausoma kuanzia nyuma.

Ajali ilitokea zamu ya mchana. Ile mashine ya kusaga mabaki ina kifuniko juu, na kifuniko kina swichi. Ukikifunua tu, mashine inazimika yenyewe. Siku ile kilikuwa wazi na mashine inazunguka. Mama mmoja mchambuzi wa mabaki, mtu mzima mwenye wajukuu, aliingiza mkono kusukuma beseni lililokwama. Alipelekwa hospitali, na mkono wa kulia haukurudi naye.

Kiwanda kizima kilizizima. Jengo la ofisi walisikia kwanza ukimya, kwa sababu ngurumo waliyokuwa wameizoea mpaka hawaisikii ilikatika ghafla. Asubuhi iliyofuata Mama Kipengele alimwita Hoja, akafunga mlango.

"Tunahitaji maelezo ya msimamizi wa zamu. Yameandikwa, yamesainiwa, leo hii."

"Msimamizi ni shemeji yangu."

"Najua. Ndiyo maana uende wewe. Watu wa kiwandani wakiniona mimi wanafunga midomo. Kwako atakuwa huru."

Yule binti aliyekuwa akihoji hata sufuria ya uji hakuuliza kitu. Alichukua kalamu, akaenda.

Alimkuta shemeji kwenye kijumba chake cha vioo kando ya mashine iliyozimwa. Hakuwa amelala. Macho yamemwiva, na mikono, ile mikono ya kugawia watu chakula, ilikuwa inakunja kitambaa na kukikunjua.

"Umemwona?" ndilo neno lake la kwanza. "Yule mama, umekwenda kumwona?"

"Bado, shemeji. Wametuambia tuandike kwanza maelezo."

"Eh." Akatazama ile kalamu. "Sasa nikuambie kama nani? Kama shemeji, au kama nani?"

Hapo ndipo pa kujibu. Neno lilikuwa moja tu la kusema, na Hoja hakulijua, au alilijua akalikwepa. Mpaka leo hana hakika ni lipi kati ya hayo mawili. Alichosema ni hiki: "Sema ukweli tu, shemeji. Tuko pamoja."

Basi shemeji akasema. Akasema kwamba ile swichi ya kifuniko ilikuwa inasumbua, mashine inazimika kila mara, mabaki yanarundikana. Mkuu wa uzalishaji akaja kwenye zamu, akamfokea mbele ya watu kwamba kitengo chake kinachelewesha kiwanda kizima, akamwambia atafute njia. "Njia gani, bosi?" "Wewe fundi au mimi? Ifunge." Akaifunga swichi kwa waya, kwa mkono wake mwenyewe, mashine isizimike hata kifuniko kikiwa wazi. Alipanga kuifungua mwisho wa juma fundi umeme akija. Fundi hakuja.

"Mimi ndiye niliyefunga ule waya, shemeji," alisema, na machozi yakamtoka bila yeye kuyajali. "Yule mama alinipa embe siku ile. Andika hivyo hivyo. Sitaki kuficha kitu kwako."

Hoja akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri. Shemeji akasaini bila kusoma. Akampigapiga begani kama anayemfariji yeye, akasema, "Angalau wakili wetu ni wa nyumbani."

Wiki haikuisha. Mkuu wa uzalishaji, alipoulizwa, alisema hajawahi kutoa amri kama hiyo na wala hakumbuki kupita kwenye zamu ile. Kampuni ikaamua: kosa ni la msimamizi, aliyekiuka kanuni za usalama kwa kukiri kwake mwenyewe. Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo, bila kiinua mgongo.

Hoja aliingia kwa Mama Kipengele bila kubisha.

"Lakini alisema aliamriwa! Nimeandika mimi!"

"Alisema aliamriwa kwa mdomo," Mama Kipengele akajibu, hakupandisha sauti. "Na alisema alifunga kwa mkono. Mdomo hauna shahidi. Mkono unaye, tena ni mwenyewe."

"Wafanyakazi walisikia akifokewa."

"Waulize basi nani yuko tayari kuja kusema." Kisha akamwuliza polepole, kama mwalimu anayemrudisha mtoto kwenye somo: "Hoja. Mimi na wewe, mteja wetu ni nani?"

Hoja akaitazama meza.

"Ni nani?"

"Kampuni."

"Basi. Shemeji yako ni mfanyakazi. Hakuwahi kuwa mteja wako. Ulimwambia hivyo kabla hajaanza kusema?"

Hoja akasimama pale na kadi yake shingoni.

"Hukumwambia," Mama Kipengele akasema. Akavua miwani, akafumba macho kidogo. "Na mimi sikukukumbusha. Nenda kapumzike, rudi kesho."

Hoja alimngoja shemeji langoni alipotoka na mfuko wa vitu vyake: buti, kikombe, kofia ngumu ambayo mlinzi alimtaka airudishe. Alijiandalia maneno njia nzima. Shemeji akafika, akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka uso.

"Shemeji, naomba unisikilize."

"Wakili," alisema, kwa heshima kabisa, "mimi nimeshasikiliza." Akampita.

Dada yake alikuja barazani kwa mama siku iliyofuata. Wateja wawili walikuwa wanapimwa, hakuwangoja watoke.

"Umemhoji mume wangu?"

"Dada, walinituma."

"Walikutuma. Na wewe mdomo wako uliokuwa haukubali kutumwa hata dukani, siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Sikujua kwamba watayatumia hivyo."

"Ulisoma nini sasa miaka yote hiyo?" Sauti ya dada haikupanda, na hilo ndilo lililowatisha wote. "Wangekuja wao asingewaambia kitu. Angesema, nileteeni wakili. Amekwambia wewe, Hoja. Alidhani anaongea na mtoto wake."

Mama akasema, "Wanangu, wanangu," na mguu wake ukawa bado unakanyaga cherehani bila kitambaa ndani. Dada akaondoka. Tangu siku hiyo Hoja akipiga simu inaita mpaka inakatika, na akienda kubisha hodi, ndani kunakuwa na watu lakini hakuna anayeitika.

Mtu mwenye jambo kifuani hutafuta wa kumweleza. Hoja alimtafuta Kimya, wakakutana kwenye kibanda cha chai nyuma ya mahakama. Kimya alikuwa amekonda, kiatu kimoja kimeshonwa pembeni, na alikuwa akiongea na muuza chai kwa sauti ambayo chuoni hakuna aliyewahi kuisikia. Hoja akaanza kumweleza ya shemeji, alivyotumwa, alivyoulizwa nikuambie kama nani. Kimya akamsikiliza hadi hapo, akaweka kikombe mezani.

"Hukumwambia wewe ni wakili wa nani?"

"Hapana."

"Mzee alinifundisha hilo siku ya kwanza. Kabla sijapewa hata kiti. Alisema mtu akiingia mlangoni ana shida atamwaga kila kitu kwa yeyote mwenye tai, kwa hiyo kabla hajafungua mdomo mwambie upande wako, hata kama jibu litamfanya aondoke." Kisha akaona uso wa mwenzake, akajuta. "Samahani. Sikusema ili kukuumiza."

"Endelea tu. Sasa mkuu wa uzalishaji, yeye ndiye—"

"Nyamaza!" Kimya alimshika mkono. "Hoja, usiniambie. Yule mama aliyekatwa mkono ni mteja wetu. Alikuja juzi na binti yake. Usiniambie kitu chochote, tafadhali. Nikikijua, nimeharibu."

Wakakaa. Marafiki wa miaka yote ya chuo, waliowahi kulala kitanda kimoja na kugawana daftari, wakamaliza chai yao wakizungumzia mvua.

Hata hivyo Hoja alijipa moyo mara moja zaidi. Alipanda zile ngazi za juu ya duka la magodoro. Harufu ilikuwa ile ile, karatasi na sponji mpya. Radi alitokeza mlangoni, akamzuia kwa mkono asivuke kizingiti.

"Ongelea hapo hapo nje. Nakukumbuka. Yule asiyejua kukaa kimya."

"Mzee, nataka kuhamia kwako. Nianze upya. Posho sitaki."

Radi hakunguruma. Sauti yake ya kawaida, bila radi, ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. "Kipindi kile ningekuchukua na mikono miwili. Leo siwezi. Umekaa upande wa pili, umeshika karatasi zao, umesikia siri zao. Nikikuweka hapa ndani, kesho wakili wao atasimama aseme nimewaibia, na hakimu atanitoa kwenye kesi. Yule mama atabaki na mkono mmoja na bila wakili. Nikuchague wewe nimwache yeye?"

"Lakini ninachojua kingemsaidia."

"Ndiyo maana hutakiwi kukisema." Akamtazama kwa huruma ambayo Hoja hakuitaka. "Siri si yako. Ni ya mteja wako, hata kama mteja mwenyewe humpendi. Ukiitoa leo kwa sababu una uchungu, hutaapishwa, na ukiapishwa hakuna atakayekuamini. Hivi ndivyo kazi yetu ilivyo. Mimi sikuitunga."

"Na shemeji yangu je?"

"Atafute wakili wake. Si mimi, na si wewe."

Mama yake Hoja aliupeleka ujumbe huo kwa shemeji, akarudi na jibu. Shemeji alikuwa amesema mawakili ameshawaona, wamemtosha.

Kesi ya yule mama haikufika hukumu. Radi aliwaita mashahidi wa zamu mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alisahau, wa pili alisahau, wa tatu, mama mwingine wa kuchambua mabaki, alisimama akasema alimsikia mkuu wa uzalishaji kwa masikio yake akisema ifungwe. Wakili wa kampuni akaomba kesi iahirishwe. Hoja alikuwa ameketi benchi la nyuma na mafaili mapajani, kazi yake ikiwa ni kumpelekea wakili karatasi anayoitaka. Mbele, upande wa pili, Kimya alikuwa anamnong'oneza Radi jambo na Radi anatikisa kichwa kukubali. Kazi ile ya kuhoji mashahidi Hoja aliiweza. Alikuwa analiona kabisa, swali gani linafuata, kwa nini, na lingemfikisha wapi shahidi. Alilimeza.

Kabla ya tarehe nyingine kampuni ikakubali kumlipa yule mama nje ya mahakama, kwa sharti kwamba mambo yaishie hapo na pasiwe na wa kutangaza kosa ni la nani. Aliyeandika rasimu ya kwanza ya sharti hilo ni Hoja. Mama Kipengele aliisoma kuanzia nyuma, asirekebishe hata nukta. "Umeiva," alisema, na alimaanisha kumsifu.

Mkuu wa uzalishaji alihamishiwa tawi jingine, kwa cheo kile kile. Mashine ikawekwa kifuniko kipya. Kuhusu kumrudisha msimamizi kazini, Hoja aliuliza mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa suala hilo halimo kwenye makubaliano. Mara ya pili hakujibiwa.

Akaapishwa. Mama yake alimshonea joho mwenyewe, kazi safi, mishono haionekani, akakaa mstari wa mbele ukumbini na kiti kitupu kila upande, kwa sababu alikuwa amewawekea dada na shemeji nafasi na hakumruhusu mtu kukaa. Kimya naye aliapishwa siku hiyo hiyo. Radi alipiga kelele ya shangwe mpaka msajili akamnyooshea kidole. Kampuni ikampa Hoja ajira, naye akaikubali; ofisi nyingine alizobisha zilimwuliza amekwenda mahakamani mara ngapi, na jibu lake lilikuwa fupi.

Yuko huko mpaka sasa. Akitumwa kiwandani kumhoji mfanyakazi, kabla hajaketi humwambia: "Mimi ni wakili wa kampuni. Si wakili wako. Unaweza kunyamaza." Na wananyamaza. Mama Kipengele alimwonya, kisha akamwelewa au akamchoka, siku hizi mara nyingi anawatuma wengine. Kiwandani hawampendi zaidi kwa ajili hiyo. Kwao yeye ni yule aliyemsainisha shemeji yake. Wanamsalimu kwa adabu na wanangoja apite.

Jumapili huenda kwa mama. Alipokwenda juzi, mama alikuwa na habari: shemeji amefungua kibanda cha kutengeneza mashine za kusaga nafaka, mji wa pili kutoka hapa, wamehamia kule wote. Kazi si haba. Dada amejifungua tena, mtoto wa kike.

"Anaitwa nani?" Hoja akauliza.

Mama akamtajia. Lilikuwa jina la upande wa mume.

"Amefanana na nani?"

"Ah, mtoto mchanga hafanani na mtu."

Hoja akasogeza kiti. "Mama. Wameniulizia?"

Mama hakuwahi kujua kusema uongo, na uzeeni si wakati wa kuanza kujifunza. Aliinamia cherehani, akatafuta tundu la sindano, akalikosa, akalitafuta tena. Hoja akamchukulia uzi mkononi, akamtungia.